Gati, Robi na Kabichi ya Wakorea

Gati hakujua kupika, na alijua kwamba hajui, na jambo hilo halikumnyima usingizi hata siku moja. Nasema hivi kwa mapenzi. Nilikuwa jirani yake tangu Operesheni Vijiji ilipotukusanya kando ya barabara ya kwenda Natta, nyumba yake na yetu zikatenganishwa na uzio wa mkonge tu, kwa hiyo harufu ya jiko lake niliifahamu vizuri kuliko nilivyotaka. Ugali wake ulikuwa na madonge. Mboga za majani alizichemsha mpaka zikawa nyeusi. Hata hivyo leo mtu akija kwangu kuniuliza ile kabichi ya Wakorea inatengenezwaje, namwambia ukweli: mimi niliipata kwa Gati, Gati aliipata kwa Mkorea, na aliyeipatia ladha ni Robi.

Mimi ni Rukaya, mke wa Sadick fundi cherehani. Babu yangu alikuja Mugumu na biashara ya nguo akitokea Tanga, akaoa, akasahau kurudi. Kwa sababu hiyo watu wa huku wanatuita Waswahili, ingawa mimi bahari sijaiona mpaka leo. Kwetu chakula ni heshima. Ilipokuja Operesheni Maduka, kiduka chetu kilifungwa, Sadick akabaki na cherehani yake barazani, nami nikabaki na bustani ya vitunguu saumu, tangawizi na pilipili nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo ilinifikisha jikoni kwa Wakorea, kama utakavyoona.

Gati alikuwa mjane, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi uliowatoa mbio hata mgambo. Marehemu mumewe alimwachia ng'ombe na mabinti, na mabinti wote walikuwa wameolewa mbali. Mtoto wa kiume hakujaliwa. Sasa kwa Wakurya mwanamke wa namna hiyo haachi nyumba yake izimike. Anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe wa mahari, anamleta mwanamke kijana nyumbani, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba ile na wanachukua jina la marehemu. Wanaiita nyumba ntobhu. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilishika kinywa. Baadaye nikazoea, maana nimeziona ndoa nyingi za mke na mume zenye amani ndogo kuliko hiyo.

Robi ndiye aliyeolewa. Alitoka Gorong'a, ng'ambo ya Mto Mara, mwanamke mzima aliyekwisha kumkimbia mume mmoja mwenye mkono mwepesi. Alikuja kwa hiari yake, akisema heri mama mkali kuliko mume mlevi. Mwanamume wa kuzaa naye Robi alimchagua mwenyewe, kijana mpole wa Natta aliyefanya kazi kwenye kambi ya watalii, akija na kuondoka bila makelele. Mimba ilipoingia, Gati alitembea kijiji kizima na kitenge kipya akisalimia watu ambao kwa kawaida hakuwasalimia.

Furaha hiyo haikukaa. Tumbo la Robi lilikataa chakula. Mwanzoni sote tulisema ni kawaida, mimba changa ina vituko vyake. Lakini miezi ya vituko ikapita na Robi akaendelea kutapika ugali, kutapika uji, kutapika maziwa. Mashavu yakaingia ndani. Mganga wa zahanati alisema hana ugonjwa, ale tu. Gati akawa anampikia mwenyewe asubuhi na jioni, hamruhusu hata kushika mwiko, naye anakaa mlangoni kumtazama anavyokula. Mtu akikutazama hivyo, hata biriani haishuki, sembuse chakula cha Gati.

Kisha akaja Waitara, kaka yake Robi, kumsalimia dada yake. Alimtazama kwa muda, akaweka kikombe cha chai chini bila kukimaliza.

"Mama," akamwambia Gati, "shikamoo nimekupa, heshima yako iko palepale. Lakini dada yangu hakutoka kwetu akiwa hivi. Ulezi ukivunwa nitarudi. Nikimkuta namna hii, au akiniambia hataki kukaa, naondoka naye. Ng'ombe wako watarudi wote."

"Ng'ombe nitawafanyia nini, mura?" Gati akauliza, kwa neno lao la kumwita kijana. "Ng'ombe ndio wataniita bibi?"

Sauti yake ilikatika pale mwishoni, na Gati hakuwa mtu wa kukatika sauti. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uzio, nikajifanya nachuma pilipili.

Ni wakati huohuo Wakorea walipoletwa. Serikali iliwaleta kutufundisha kuchimba mifereji na kulima mpunga bondeni, kwenye shamba la ujamaa. Tuliwaita Wachina mpaka wakatukataza. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano kutafuta mwanamke wa kuwapikia, na wanawake wakaangalia chini wote, kwa sababu ilikwisha kusemwa kwamba watu wale wanakula nyoka. Gati akasimama.

"Nitapika mimi," akasema.

Mkutano ulicheka, na kicheko changu kilikuwa juu ya vyote. Tulipokuwa tunarudi nikamwuliza kama amerogwa.

"Huko kuna mchele, Mswahili," akanijibu. "Kuna maziwa ya kopo. Katika vyakula vya watu wale hakitakosa kimoja kitakachokaa tumboni kwa Robi."

Niliona aibu kwa kicheko changu, nikampa fungu la vitunguu saumu aanzie kazi.

Wakorea walikula chakula cha Gati kwa ukimya wa kijeshi. Hawakulalamika. Walikuwa wanainama kidogo, wanasema asante, wanakwenda shambani na njaa yao. Aliyeshindwa kwanza ni Paki, mtaalamu wa mifereji, mtu mzima mwembamba mwenye beji nyekundu kifuani, ambaye suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata akiwa ndani ya tope. Jumapili moja aliingia jikoni, akakunja mikono ya shati, akaomba kisu.

"Mura, toka jikoni!" Gati akapiga kelele. "Unataka watu waseme nini juu yangu?"

Kwa Wakurya mwanamume hasogei mahali wanawake wanapopika. Paki alikuwa hajui, au alijua akachagua njaa isimuue. Akaketi kwenye kigoda cha Gati na kuanza kupasua kabichi.

Nilikuwepo, nimepeleka tangawizi, kwa hiyo haya ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu. Kabichi aliipasua kwa urefu, si kuikatakata kama tufanyavyo. Akatia chumvi katikati ya majani, jani kwa jani, akizidisha kwenye shina kwa kuwa ndiko kugumu. Akaiacha kwenye beseni. Gati akataka kuiweka motoni.

"Hapana moto," Paki akasema. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kilijitosheleza. "Chumvi ndiyo moto."

"Majani mabichi ni ya mbuzi," Gati akaniambia kwa sauti ya chini. "Huyu ataniua Robi."

Ngoja nikupe siri ya kwanza, maana wengi wanaharibikiwa hapa. Kabichi iko tayari pale unapochukua jani kwenye shina lake, ukalikunja, likakunjika bila kuvunjika. Likilia "tap!" bado. Ikishakunjika unaiosha kwa maji mengi, unaionja, unaiacha ijichuje yenyewe. Mwenye haraka akaikamua kama nguo hupata chakula cha kuku.

Huku nyuma Paki alipika uji mzito wa unga wa mchele, akaupoza, akatia pilipili zangu zilizokaushwa na kupondwa, vitunguu saumu, tangawizi na majani ya kitunguu. Kwao hutia pia samaki wadogo wa chumvi. Hapo ndipo Gati alipoonyesha kwamba naye ana akili: akaleta dagaa wa Musoma. Paki akawanusa, akafumba macho, akawatwanga kinuni wakawa unga. Kwao kuna mzizi mweupe wanaoutia ndani. Hakuupata, akachukua papai bichi na kulikata vijiti. Basi, uji ule mwekundu anaupaka kila jani kuanzia la nje mpaka la ndani, anaikunja kabichi kama mtoto ndani ya kanga, anaishindilia mtungini hewa itoke. Mtungi haujazwi mpaka mdomoni. Kabichi inapumua na kupanda, na ukiujaza utaamka ukute umemwaga maji mekundu sakafu nzima.

Halafu akauzika mtungi nyuma ya jiko, kivulini, ukabaki mdomo tu. Nusu ya kijiji ilisema amezika dawa, nusu nyingine ikasema amezika dhahabu ya kule Kerende. Mgambo walikuja kufukua, wakafunua kifuniko, harufu ikawapiga usoni, wakaufunika wenyewe na kuondoka bila kuandika chochote.

Mimi na Paki tuligombana mara moja tu, kwa sababu ya wali. Anaosha mchele mpaka maji yawe maangavu, anatia maji yafike kifundo cha kwanza cha kidole, anafunika, basi. Hana chumvi, hana mafuta, hana nazi hata ya kusimuliwa. Nikamwambia kwetu huo ni wali wa msibani. Yeye akaonja wali wangu, akauliza kwa adabu kwa nini nimeufanya wali uzungumze wakati zamu ni ya mboga. Niliondoka nimenuna. Nilipofika nyumbani nikaufikiria, nikaupika ule wali mtupu na kuula na kabichi kali, na kumbe alikuwa na haki. Sikumwambia.

Jambo moja lilinifanya nimheshimu. Wao walifuga nguruwe, na Paki aliona kwamba sili kitu jikoni mwao. Hakuuliza. Siku nyingine nilikuta sufuria mpya na mtungi mpya vimewekwa rafu ya juu peke yake, vimefungwa uzi mwekundu, naye akasema, "Rukaya. Hapana nguruwe." Basi nikala.

Robi tu ndiye hakula. Gati alipeleka nyumbani wali wa Wakorea, mayai yao ya kukunja, mchuzi wao wa dagaa, maziwa ya kopo. Vyote vilirudi. Kabichi ya Paki, Robi aliila kidogo, akasema si mbaya, kisha akaiacha. Ulezi ukaanza kutoa vichwa. Kila asubuhi Gati alikwenda kuutazama kwenye shamba, na nadhani ni mkulima pekee wa wilaya nzima aliyeomba ulezi wake uchelewe.

Kisha Paki akasafiri kwenda Musoma kutafuta vipuri vya pampu, na kabichi za bustani yao zikakomaa kwa pamoja, nyingi, na mvua juu yake. Gati akaona hawezi kuziacha zioze. Akazitia chumvi, akapaka uji mwekundu, kila kitu kama alivyofundishwa. Mitungi ikamwishia. Akakumbuka kwamba nyumbani ana kibuyu kikubwa cha maziwa chenye mdomo mpana, kilichokaa bure tangu Robi aache maziwa.

Na Gati, pamoja na ugali wake wa madonge, alikuwa msafi. Hakuna mwanamke wa huku anayetia kitu kwenye kibuyu bila kukifukiza. Unakiosha, unachoma kijiti cha mti wake maalumu mpaka kiwe kaa, unakisugua ndani kikiwa cha moto, mpaka kibuyu kinanukia moshi hadi mtaa wa pili. Maziwa hukaa humo bila kuharibika. Kuyatia kwenye kibuyu kisichofukizwa ni uchafu, kama vile mimi kumpa mgeni kikombe kisichooshwa. Gati akakifukiza kibuyu kwa moyo wake wote, akashindilia kabichi, akakifunga, akajisifu.

Paki aliporudi alifunuliwa kibuyu mbele ya wenzake wote. Akatia kipande mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena. Wenzake nao wakachukua, na nyuso zao zikawa kama za watu waliobanwa kidole mlangoni.

"Mama," Paki akasema mwishowe kwa upole, "nyumba iliungua?"

Wakorea walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Gati hakucheka. Alikibeba kibuyu kichwani, akapita njia yote ya kijiji bila kumsalimia mtu, na nilipomwona usoni nikaacha kazi nikamfuata. Alikuwa anakwenda kukimwaga nyuma ya nyumba.

Robi alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya dirisha. Akainua kichwa.

"Mama, nini hicho kinanukia?"

"Upuuzi. Nakwenda kuumwaga."

"Usimwage. Lete kwanza."

Akaingiza mkono, akatoa kipande, akakinusa, akakila. Akala kingine. Akaomba ugali, na ugali uliokuwepo ulikuwa kiporo cha jana, wa baridi, kazi ya Gati, sina haja ya kuueleza. Akaula wote. Mimi na Gati tulisimama mlangoni na beseni tukisubiri kitakachofuata, na hakikufuata kitu. Robi alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Kibuyu cha mama yangu Gorong'a kinanukia hivi," akasema. "Tangu tumbo likatae maziwa sijainusa."

Gati aliketi chini palepale na beseni lake. Nami, sitasema uongo, nilifurahi mpaka nikamkumbatia mwanamke ambaye jana yake tu tuligombana kwa ajili ya kuku.

Kuanzia hapo kukawa na kabichi za aina mbili kijijini, ya Wakorea ya mtungi na ya Robi ya kibuyu. Robi akaanza kupona. Akaanza kumfuata Gati jikoni kwa Wakorea, mwanzo kukaa tu kivulini, baadaye kuosha majani, na siku moja akamwambia Gati mbele yetu, "Mama, chumvi imezidi. Nipishe." Gati akampisha. Robi akachanganya kwa mkono wake, akapunguza hiki akaongeza kile bila kupima, na Paki alipoonja akaushika ule mkono wa Robi, akaugeuza juu na chini akiutazama.

"Kwetu tunasema ladha iko mkononi," akasema. "Huu mkono unayo. Mama Gati, wako, pole."

Siku hiyo ndiyo alitusimulia mambo ya kwao. Baridi ikikaribia, wanawake wa nyumba nyingi wanakusanyika kutengeneza kabichi ya msimu mzima, wakwe na wakamwana pamoja, wakisengenya waume zao na kulishana majani kwa mkono. Na katika nyumba, mama mzee ndiye mwenye mwiko wa wali. Anaushika miaka mingi, kisha siku moja anampa mkamwana. Akishampa, jiko si lake tena.

"Halafu yule mzee anakwenda wapi?" Gati akauliza kwa ukali, kama aliyetukanwa. "Anakufa?"

Paki akafikiri, akasema mama yake mwenyewe alinenepa.

Niliona Robi ameinamia beseni lake. Tulipobaki wawili, tukichambua dagaa, akaniambia kilichokuwa moyoni mwake. Tumbo limepona, lakini moyo haujapona. Kwao mwanamke akishaolewa anakaa kwenye moto wa mkwe wake kwa muda, kisha mkwe anampa mafiga yake, mawe matatu ya kupikia, naye anawasha moto wake mwenyewe. Siku hiyo ndiyo anakuwa mwenye nyumba. Wenzake walioolewa baada yake walikwisha kupewa. Gati hakutoa wala hakugusia.

"Bila mafiga mimi ni mgeni tu, mama Rukaya," akasema. "Na nikizaa hivi, mtoto naye atazaliwa ugenini. Waitara akija akiniuliza kama nakaa, sijui nitamjibu nini."

Mimi si mtu wa kulala na neno. Nilikwenda kwa Gati jioni ileile.

"Gati, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," nikamwambia. "Wewe Robi umemfanya mgeni mwaka mzima. Mafiga yake yako wapi?"

"Mambo ya Wakurya unayajulia wapi wewe Mswahili?"

"Naijua njaa ya mtu anayekula asichopika. Hata kibuyu kile kilipomponya, kilimponya kwa kuwa kilinukia kwao. Hapa hana kwao."

Akanifukuza. Akasema maneno ambayo siyaandiki. Nikasimama kwenye uzio nikamsubiri amalize, maana hasira ya Gati ilikuwa na mwisho ukiwa na subira. Mwisho wake akakaa juu ya kinu.

"Nimepika peke yangu na kula peke yangu tangu binti wa mwisho aolewe," akasema. "Nikimpa mafiga atafunga mlango wake, atawasha moto wake, na mimi nitabaki na paka. Sasa hivi angalau tunakula chungu kimoja."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukaidi, si kwa hofu. Nilimwambia tu kwamba mtu haolewi ili akae akitazamwa, nikaenda kulala nikiwa na huzuni kwa ajili ya wote wawili.

Ulezi ukavunwa. Waitara akaja jua likiwa kichwani, peke yake, na fimbo na koti begani. Alipomwona dada yake amesimama uani na tumbo kubwa na mashavu yamejaa, alicheka kwa sauti, na Gati akacheka naye, akatandika mkeka. Sadick na mimi tuliitwa, tukakaa. Nikadhani mambo yamekwisha. Lakini Waitara alikuwa mtu wa kufuata neno lake.

"Mwili umerudi, namshukuru Mungu na wewe, mama," akasema. "Sasa limebaki lile la pili. Robi, sema mwenyewe. Unakaa au tunaondoka?"

Robi akatazama vidole vya miguu yake. Waitara akageuza macho polepole, akaitazama nyumba ndogo ambamo Robi alikuwa analala, akatazama ukuta wake usio na moshi.

"Mafiga yake yako wapi?" akauliza.

Gati akainuka. Nilidhani anakwenda kumtukana. Akapita katikati yetu, akaingia jikoni kwake, tukasikia chungu kinateremshwa, maji yanamwagwa na moto unalia. Alipotoka alikuwa amebeba jiwe mikononi, jeusi, bado linafuka mvuke, amelikumbatia tumboni juu ya gauni lake la kanisani. Sadick akanyanyuka kumsaidia, Waitara akamshika mkono akamkalisha, kwa sababu kwao anayetoa ndiye anayebeba. Gati akaliingiza nyumbani kwa Robi. Akarudi kuchukua la pili. La tatu lilikuwa kubwa, akapumzika nalo katikati ya uwanja, mgongo umepinda, pumzi inakwenda mbio.

Hapo ndipo nilipoelewa alichofanya. Hakutafuta mawe mapya mtoni kama wafanyavyo wakwe wote. Alikuwa amevunja jiko lake mwenyewe.

Alipoliweka la tatu akatoka nje, akazunguka, akaja kusimama mlangoni pa Robi. Mikono ilikuwa myeusi kwa masizi, na akaificha nyuma ya mgongo.

"Kwangu hakuna tena moto," akasema. "Hodi hapa."

Robi alikuwa ndani, amesimama juu ya mafiga yake, kiganja kimeshika mdomo. Gati akabaki pale mlangoni, mwanamke aliyewafukuza mgambo.

"Hodi," akarudia, kwa sauti ya chini zaidi.

"Karibu, mama," Robi akasema. "Karibu ndani. Kaa."

Nilikimbia kwangu kuchukua makaa kwenye kigae. Robi akawasha. Akasonga ugali, laini, bila donge hata moja, akatoa kabichi kwenye kibuyu, akaipanga sahanini. Tonge la kwanza la ugali alilimega yeye, akalikunjia jani jekundu juu yake, akamwekea Gati mkononi kabla ya kaka yake, kabla ya sisi wageni. Ndipo akamgeukia Waitara.

"Ukifika nyumbani," akasema, "mwambie mama niko kwangu."

Gati akalia waziwazi mbele ya watu, huku anatafuna.